Breka ya oveni inaporuka: mwongozo kwa jikoni za Lamu

Zamani mkate wa sinia ulipaliwa makaa, juu na chini, na mpishi akipitiwa kilichoungua ni mkate. Siku hizi kazi hiyo inafanywa na oveni ya stima, na likiingia kumi la mwisho la Ramadhani simu yangu haipoi. Watu wanaoka keki na biskuti za Idi usiku kucha, na kilio ni kile kile kutoka Mkomani hadi Shela: "Fundi, breka inaruka. Njoo utuwekee kubwa zaidi."

Kubwa zaidi siweki. Nitaeleza kwa nini, kisha nitakuonyesha njia ya kufuata mwenyewe mpaka pale unapopaswa kusimama na kumwachia fundi. Mwenye nyumba anaweza kusoma, kuhesabu, kunusa, kugusa plagi na kubonyeza swichi. Kufungua kifuniko cha sanduku la breka, au mgongo wa oveni, si kazi yake.

Breka inamlinda nani

Ndani ya sanduku la breka mna vifaa vya aina mbili vinavyokaribiana sura, na watu huviita vyote breka. Vile vyembamba vilivyopangwa safu, vyenye maandishi kama B20 au C32 (namba hiyo ni ampea, kipimo cha wingi wa stima inayopita), vinalinda waya uliomo ukutani. Havilindi oveni, wala havikulindi wewe: stima ya kumwangusha mtu ni ndogo mno, breka ya ampea 32 haiisikii kabisa. Kile kipana chenye kitufe kidogo cha herufi T ndicho RCD. Hicho hupima stima inayokwenda na inayorudi. Zikipishana, basi ipo inayovujia kwingine, huenda mwilini mwa mtu, nacho hukata kufumba na kufumbua. Cha nyumbani kiwe kimeandikwa 30 mA, yaani miliampea 30.

Sasa ukitaka breka ya 20 itolewe iwekwe ya 32, na waya ni ule ule, umemfumba macho mlinzi wa waya. Waya utapata moto ndani ya ukuta au juu ya boriti huku oveni ikifanya kazi vizuri kabisa. Hapo ndipo penye hatari, kwa sababu hakuna wa kulalamika.

Hatua ya kwanza: soma kibati

Nyuma ya oveni, au ukingoni ukifungua mlango, pana kibati cha fedha. Tafuta namba iliyoandikiwa W au kW. Oveni ndogo ya mezani huwa kati ya wati 1,200 na 2,000. Jiko la kusimama lenye gesi tatu na sahani moja ya stima, oveni yake huzunguka wati 2,000, na sahani ikaongeza 1,500 au zaidi. Jiko la stima tupu, sahani nne na oveni, hupita wati 7,000 bila taabu.

Angalia na volti. Wengi hapa wana jamaa Uarabuni na vyombo vinaletwa. Cha Dubai au Maskati kwa kawaida hakina matata, stima ya huko ni kama yetu na plagi ni ile ile. Cha Saudia kisome mara mbili, kwani kwa miaka mingi nyumba za huko zilitumia volti 127. Cha Marekani, chenye volti 120, usikichomeke.

Hatua ya pili: gawanya kwa 240

Stima ya Kenya ni volti 240. Chukua wati, gawanya kwa 240, umepata ampea. Wati 2,000 ni ampea 8.3. Wati 3,000 ni 12.5. Wati 7,200 ni 30 kamili.

Plagi yetu ya miguu mitatu ya mraba ina fyuzi ya ampea 13 tumboni, kwa hiyo kwa karatasi ile ya 12.5 inaingia. Mimi siikubali. Birika huvuta stima dakika chache likazima, oveni inakaa saa mbili. Kinachopita wati 2,500 na kitakachookea keki za oda, kipe laini yake peke yake kutoka kwenye sanduku.

Kisha jumlisha vyote vilivyo kwenye laini moja. Oveni 2,000, birika la daku 2,000, pasi ya kunyooshea kanzu 1,200: jumla 5,200, ambayo ni ampea 21.7. Breka imeandikwa 20. Utasema itaruka. Hairuki! Breka hizi hutengenezwa zivumilie mara 1.13 ya namba yake kwa saa nzima bila kukata, na kwa ya 20 hiyo ni ampea 22.6. Hata mzigo ukifika mara 1.45, yaani ampea 29, kanuni inairuhusu ijivute hadi saa moja kabla ya kukata. Kwa hiyo mtu akiniambia "mbona breka haijaruka", namjibu kwamba kutoruka kwake si cheti.

Hatua ya tatu: ufuate waya

Unene wa waya hupimwa kwa milimita za mraba. Wa 1.5 ni wa taa, breka yake 6 au 10. Wa 2.5 ni wa soketi: breka ya 20 kama laini inakwenda upande mmoja ikaishia, na 32 ikiwa tu imezunguka nyumba na kurudi sandukuni kwa ncha zote mbili. Jiko la stima huanzia 6 kwa breka ya 32, na majiko makubwa hupanda hadi 10. Kuta zetu nene za mawe ya matumbawe zinaingia kwenye hesabu pia, maana waya uliozikwa humo haupoi kama ulio wazi, na fundi mzuri hulipima hilo kabla ya kuchagua. Jiko kubwa liwe na swichi yake, ile pana ya ampea 45, pembeni mwa jiko na si juu yake. Usitake kuvusha mkono juu ya sufuria ya mafuta ili uzime.

Kuhusu kununua waya. Vitu vyetu vinavuka maji kutoka Mokowe, na si kila kilichovuka ni halali. Omba kipande, kisha ukwangue kwa kisu. Shaba ni nyekundu hadi ndani. Ukikwangua ukaona weupe, hiyo ni alumini iliyopakwa rangi ya shaba, na mkononi utaiona nyepesi. Mrudishie mwenye duka, tena bila kununiana.

Usitumie ekstensheni kwa oveni. Zile zinazozungushwa kwenye gurudumu ndizo mbaya zaidi, kwa sababu waya ukiwa umeviringwa moto wake hauna pa kutokea. Na kama sanduku lako ni la zamani la fyuzi za kuvisha waya, zile za kigae, usivishe waya mnene wala karatasi ya sigara. Libadilishe lote.

Anayekuja kuifanya kazi hii awe na leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati ya Kenya. Mwombe aionyeshe. Mwenye nayo hakasiriki.

Hatua ya nne: athi na kitufe cha T

Hapa nitakaa kidogo, na nitaanzia Langoni. Kuna mama mmoja mwenye kuoka mikate ya harusi, namwita shangazi ingawa hatuna udugu wa damu. Alinipigia akicheka.

"Mwanangu, oveni yangu inanitekenya."

"Inakutekenya vipi, shangazi?"

"Nikishika mlango vidole vinawashawasha. Nikivaa ndara hainitekenyi sana. Kwani ni kitu?"

Nilimwambia achomoe plagi na asiiguse mpaka nifike. Nilipofungua plagi niliuona waya wa athi, ule wa kijani na manjano unaopeleka ardhini stima iliyovuja, umekatwa, ukakunjwa nyuma na kufungwa utepe mweusi kwa ustadi wa mtu anayejua anachokifanya. Shangazi alieleza kwamba oveni ilikaa kabatini tangu Maulidi, alipoiwasha RCD ikawa inakata kila mara, akaja kijana mmoja, akatengeneza dakika tano, na tangu siku hiyo haijakata.

Kilichotokea ni hiki. Koili ya oveni ni bomba la chuma, ndani yake mna waya wa moto uliozungukwa na unga mweupe unaozuia stima isiguse chuma. Unga huo hunywa unyevu. Oveni ikikaa miezi mitatu kwenye hewa ya bahari bila kuwashwa, unga unaloa na stima inaanza kupenya kwenda kwenye bati. Nilipoipima kwa mega, mita ya kupima jinsi stima inavyozuiwa isivuje, koili ilisoma ohm 10,000 tu, ilhali inatakiwa isome mamilioni. Gawanya 240 kwa 10,000: miliampea 24. RCD ya 30 inaruhusiwa kukata popote kati ya 15 na 30, ya kwake ilikuwa inakata hapo, na ilikuwa sahihi. Yule kijana alipokata athi, stima iliyokuwa inavujia ardhini kwa salama ikakosa njia, ikabaki juu ya bati inamngoja mtu. Ndara za mpira zilikuwa zinapunguza. Siku moja angeosha sakafu, akasimama pekupeku majini, akashika ule mlango. Zikishapita miliampea 10 hivi misuli ya mkono hukaza, mtu akashindwa kuachia alichokishika.

Niliichomoa koili nikaikausha kwa moto mdogo ndani ya oveni ya gesi ya jirani, saa mbili, ikapanda mpaka mega ikatulia. Nikarudisha athi. Kazi ilikwisha kabla ya Alasiri.

Kwa hiyo wewe fanya mambo matatu. Oveni yoyote inayokutekenya, hata kidogo, chomoa siku hiyo hiyo. Oveni usiyoitumia, iwashe kwa moto mdogo nusu saa kila wiki ili koili isinywe unyevu. Na bonyeza kitufe cha T mara moja kila mwezi, taa zizime, kisha urudishe. Kisipokata, kibadilishwe. Chumvi hukigandisha hata kama hakijawahi kufanya kazi.

Kitufe cha T hakipimi athi ya nyumba yako. Kinajipima chenyewe tu. Nyumba isiyo na athi kabisa, RCD yake itajibu T vizuri kama kawaida. Athi hupimwa na fundi kwa mita yake, na hapa kwetu ni lazima ipimwe, kwa sababu ile fimbo ya shaba imechomekwa kwenye mchanga au mwamba wa matumbawe, na kiangazi mchanga ukikauka juu haipitishi stima vizuri. Fimbo iingizwe chini hadi penye unyevunyevu, ikibidi ziwe mbili.

Hatua ya tano: nusa, gusa, tazama

Chumvi ya bahari hula shaba, ikaacha ukungu wa kijani kwenye viungo. Kiungo kilicholiwa hakibani, kisichobana hupata moto, na kikipata moto hulegea zaidi. Oveni ikiwa imewaka nusu saa, zima swichi, chomoa plagi, shika miguu yake. Vuguvugu si neno. Ikikuchoma vidole, soketi imelegea na ibadilishwe, pamoja na plagi, maana mbovu mmoja humharibu mwenzake. Rangi ya hudhurungi kuzunguka tundu la soketi ni dalili ile ile iliyochelewa kuonwa.

Kisha kuna harufu. Plastiki ya soketi na breka ikianza kuungua hutoa harufu kama ya samaki. Katika mji huu hilo ni balaa, nani atashuku harufu ya samaki? Kuna nyumba walitafuta papa mkavu nyuma ya makabati siku mbili, kumbe ni soketi. Kama hamjapika samaki na harufu inakuja oveni ikiwashwa, zima swichi kuu.

Kila mwaka, baada ya pepo za kusi kutulia, mwite fundi akaze skrubu zote za sanduku. Ni kazi ya saa moja.

Hatua ya sita: ikiruka, isome

Usiirudishe mara tatu nne kwa hasira. Mara moja inatosha, na kabla ya hiyo moja angalia ni ipi iliyoanguka: nyembamba au yenye T.

Ikiwa ni nyembamba na imeanguka papo hapo ulipowasha, labda kwa mlio, nyaya mbili zimegusana mahali. Chomoa oveni, rudisha breka. Ikisimama, ubovu umo ndani ya oveni au kwenye waya wake, mara nyingi pale waya unapogusa bati la moto nyuma. Isiposimama, ubovu umo ukutani. Katika hali zote mbili kazi yako imeishia hapo.

Ikiwa ni nyembamba na huanguka baada ya dakika ishirini au zaidi, huo ni mzigo au joto. Rudi kwenye jumla uliyopiga. Ondoa birika na pasi. Ikiendelea kuanguka oveni ikiwa peke yake, yaelekea skrubu ya breka imelegea, au sanduku lenyewe liko mahali pa joto, kwa mfano juu ya jiko au chini ya bati. Breka hizi hupimiwa hewa ya nyuzi 30, na pakipita hapo hukata mapema kuliko namba yake.

Ikiwa ni yenye T, kuna uvujaji. Chomoa vyombo vyote vya nyumba, friji pia, kisha rudisha. Chomeka kimoja kimoja. Ukifika kwenye oveni, kama ina kitasa cha kuchagua, jaribu taa peke yake, kisha moto wa chini, kisha wa juu. Inapokatia ndipo penye koili yenye unyevu, na ukimpa fundi habari hiyo umempunguzia nusu ya muda, nawe umejipunguzia nusu ya malipo.

Kuna kisa kinachowachanganya hata mafundi. Oveni imezimwa kwenye kitasa, lakini RCD inaruka ukiwasha pasi chumba kingine. Wanaibadilisha pasi bure. Kitasa cha oveni nyingi, na swichi za soketi nyingi, hukata laivu (waya unaoleta stima) peke yake, nyutro (waya wa kuirudisha) inabaki imeungwa. Koili iliyoloa inavujisha kutoka kwenye nyutro, na mzigo mkubwa popote nyumbani huisukuma. Ndiyo maana nasema chomoa plagi, sisemi zima.

Wala usiruhusu mtu aiondoe RCD "ili ulale vizuri".

Hatua ya saba: stima ikipungua

Kabla ya laini kubwa ya kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen kutufikia, tulikuwa tunakula stima ya majenereta ya dizeli, na wakubwa wanakumbuka taa zilivyokuwa zikififia. Hata sasa, baada ya Magharibi mji mzima ukiwasha, volti zinaweza kushuka. Zikishuka kutoka 240 hadi 200, oveni ya wati 2,000 inatoa kama 1,390 tu, kwa sababu nguvu hushuka kwa mraba wa volti. Keki ikikaa chini katikati usilaumu hamira, oka asubuhi. Ikiwa taa zinafifia na kung'aa kwa zamu bila sababu, zima swichi kuu na upige Kenya Power 97771, huenda nyutro imelegea nje.

Stima ikikatika, geuza kitasa cha oveni hadi sifuri usingoje irudi. Na oveni haiungwi kwenye inveta ya sola ya taa na televisheni.

Hatua ya nane: moto

Moto ukiwaka ndani ya oveni, usifungue mlango. Zima kwenye swichi ya jiko, kisha swichi kuu, uache ukose hewa. Ukiwaka kwenye soketi au sanduku, zima swichi kuu kama unaifikia bila kupita penye moto, kisha mchanga mkavu au kizimamoto cha unga au cha gesi ya kaboni. Maji hapana, hata stima ikiwa umeizima, maana upande wa mita bado uko hai. Mtu akinaswa na stima usimshike. Kata swichi kuu kwanza, au msukume kwa ubao mkavu, kisha apelekwe hospitali hata kama anasema yuko sawa.

Gari la zimamoto halipiti kwenye vichochoro vya Mkomani, na paa la makuti kule Shela halingoji mtu. Kwa hiyo leo jioni waite watoto na msaidizi wa nyumbani, waonyeshe swichi kuu iko wapi, kila mmoja aizime na kuiwasha kwa mkono wake. Ikiwa iko nyuma ya gunia la mchele au juu kuliko mkono wa mama mzee, ondoa gunia, weka kigoda cha mbao kikae hapo daima. Na kwenye kila breka bandika karatasi: taa za chini, soketi za juu, pampu, oveni.